Koleo Kwenye Kabati la Wageni

Wapendwa, kabla sijaendelea naomba mfumbe macho kidogo. Hata ninyi wazee wa benchi la mbele. Najua mkifumba mtasinzia, lakini fumbeni tu, nitawaamsha.

Oneni sebule. Makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vile ambavyo mtu akikaa vinateleza na mama wa nyumba anavirudisha mgeni akishaondoka. Ukutani kuna kalenda ya usharika. Na pale kando ya mlango wa kuingilia ndani, oneni kabati la vioo. Ndani yake kuna birika lenye maua ya waridi, vikombe vyenye maua hayohayo, visahani vyake, na sahani pana za pilau zimesimamishwa kama picha. Watoto wa nyumba hii wanakunywa chai kwa vikombe vya plastiki. Sasa niambieni, vile vya kabatini ni vya nani?

Naam. Vya wageni. Mmejibu haraka kuliko watoto wa kipaimara wanavyojibu maswali yangu.

Msifumbue bado. Tazameni katikati, baina ya birika na vikombe. Kuna kitu pale kisichohusiana na chai. Ni kisanduku chenye mfuniko unaoonyesha ndani, na ndani kuna koleo dogo lenye mishikio myekundu, linang'aa, halijawahi kukata kitu. Pembeni yake kuna kisu chembamba kama kalamu, vipande vya msasa, kibano, vichupa viwili vya gundi, brashi na rangi. Kabati limefungwa kwa ufunguo.

Haya, fumbueni. Nitawaeleza jinsi koleo lilivyofika kati ya vikombe, na lililotokea kwa sababu lilikaa pale.

Kulikuwa na baba mmoja, mtu mwema. Nawaomba mlishike hilo tangu mwanzo, kwa sababu huko mbele mtataka kulisahau. Hakuwa mlevi. Hakupiga mtu nyumbani kwake. Jumuiya ilipokutana, yeye ndiye aliyeombwa kufunga kwa sala, na sala zake zilikuwa nzuri kuzisikia. Kama angekuwa mtu mbaya mfano huu ungekuwa rahisi, tungemnyooshea kidole halafu twende nyumbani kula. Hakuwa mbaya.

Alikuwa na binti wa darasa la nne. Tumwite Nyamizi, na kama hapa yupo mwenye binti wa jina hilo, si yeye. Mama yake Nyamizi alikuwa na kaka, na huyo kaka alikuwa fundi wa ndege ndogo, zile za injini moja zinazopeleka dawa na madaktari kwenye vijiji ambako gari halifiki. Mtoto alimpenda mjomba wake kupita kiasi. Watoto wengine wakienda kulala hukumbatia mwanasesere. Huyu alilala na maswali. Kwa nini ndege haianguki ikikata kona? Rubani akitaka kupiga chafya anashika wapi?

Basi Pasaka moja mjomba akaja na visanduku viwili.

Cha kwanza kilikuwa na picha ya ndege juu yake, ndege kama zile anazozitengeneza kazini. Ndani hamkuwa na ndege. Mlikuwa na vipande vya plastiki nyeupe, vidogo, vingi, vyote vimeshikana na fremu ya vijiti, kama machungwa mabichi yaliyoshikana na tawi. Bawa liko huku, mkia kule, magurudumu kwenye fremu nyingine, na madirisha peke yake kwenye mfuko, ya plastiki inayopitisha mwanga. Anayetaka ndege lazima akate kila kipande, akilainishe, akibandike na mwenzake mahali pake. Ni kazi ya subira. Ni ndege ya kweli iliyopunguzwa mpaka ikaenea kwenye mapaja ya mtoto.

Na kwa kuwa mjomba ni fundi, alijua kwamba kumpa mtoto kazi bila vifaa ni kumpa mateso. Ndiyo maana akaja na kile kisanduku cha pili.

Akatandika mkeka barazani, akakaa na mpwa wake, akamfundisha kifaa kimoja kimoja. Mimi ninayeshinda na watoto ningelipa nauli kumsikiliza. Akamwonyesha koleo, kwamba upande mmoja wa meno yake ni bapa na ndio unaokaa karibu na kipande, ili kisichanike. Akamwambia asikate mara moja pale kipande kinapoanzia. Akate mbali kidogo kwanza, kisha arudie karibu. Akamwonyesha kisu cha kupunguza kijipande kinachobaki, na kwamba kisu hukata kwenda mbele, mbali na kidole gumba. Msasa wa kulainisha, ule mkavu kwanza, halafu ule mwembamba ukiwa na maji. Kibano cha kushikia vitu ambavyo vidole vyetu ni vinene mno kuvishika. Na gundi za aina mbili. Ile ya kwanza haigandishi tu. Inalainisha plastiki yenyewe mpaka pande mbili zinayeyukiana na kuwa kitu kimoja, kwa hiyo tone dogo linatosha. Ile ya pili, nyeupe kama maziwa, ni ya madirisha peke yake.

Mtoto akauliza kwa nini madirisha yapewe gundi yao. Mjomba akasema atajua akikua, halafu akajirekebisha, akasema hapana, nitakwambia sasa hivi: gundi kali ina mvuke, na mvuke ule ukigusa plastiki ya kioo, kioo kinapofuka.

Oneni fundi huyo. Alianza kusema “ukikua”, akajikamata mwenyewe.

Kisha akampa ahadi. “Ijenge kwa mikono yako tu. Mkono wa mtu mwingine usiguse. Nikija Sikukuu ya Mavuno nikaikuta, nitakupeleka kiwanjani, utaingia kwenye ndege yenyewe na utakaa kiti cha rubani.”

Nyamizi akairudia ahadi ile neno kwa neno, kama mtoto anayetumwa dukani na anaogopa kusahau.

Mjomba akasafiri. Na jioni ileile baba akakichukua kile kisanduku cha vifaa mkononi. Akakifungua, akakinusa, kilikuwa na harufu ya upya. Akalichezesha koleo, likafumba na kufumbua bila mlio. Katika nyumba yake hakuwahi kuwa na kitu kilichotengenezwa vizuri namna ile. Akaona huruma. Si kumwonea huruma mtoto. Alikionea huruma kisanduku.

Akasema vitu kama hivi mtoto huvimaliza kwa juma moja. Akafungua kabati, akasogeza birika, akakiweka.

Mama Nyamizi akamuuliza, sasa mtoto atakatia nini? Baba akamjibu kwa upole, maana hakuwa mkali. Akasema kile kisu ni kikali, atajikata, akue kwanza. Akasema kisanduku cha ndege si anacho? Atazame picha, avipange vipande, ajizoeze. Tena wageni wakija wataviona, nao watajua kwamba nyumba hii ina mtoto wa elimu. Akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni.

Hapa nataka tusimame kidogo. Je, yule baba alimnyima mtoto ndege? Hakumnyima. Ndege alimwachia. Alimwachia picha iliyo juu ya kisanduku ili ajue anatakiwa kufikia wapi. Alimwachia ahadi ya mjomba. Hata maneno ya kumtia moyo alimpa; kila asubuhi alimwambia, “Jitahidi, mwanangu.” Alimpa kila kitu, isipokuwa cha kufanyia.

Nyamizi hakulia. Wanaoishi na watoto wanalijua hili: mtoto akikosa kifaa haendi kukaa chini na kusema kazi imeshindikana. Anatafuta kifaa kingine, na mara nyingi anakitafuta mwilini mwake.

Akawa anakwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, za saruji, karibu na banda la kuku. Huko ndiko ilikofanyika kazi. Hakuna aliyemfuata kuona inafanyikaje. Walichokiona ni matunda yake. Siku moja kiwiliwili cha ndege kilikuwa kimesimama dirishani, nusu mbili zimekuwa kitu kimoja. Baadaye yakaja mabawa. Baadaye mkia. Baba akawa akirudi kazini anapita kwanza dirishani kabla hajavua viatu, na kila siku anakuta ndege imeongezeka.

Alifurahi, na alifurahi kwa haki. Kwenye jumuiya alisimulia. Akasema watu wengine wanafikiri watoto ni lazima wanunuliwe vitu vingi, lakini binti yake anaunda ndege nzima na vifaa havijatoka kabatini. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akatania kwamba basi akimaliza atupeleke mkutano wa sinodi, tupunguze nauli. Wakacheka.

Hakuna aliyeuliza. Chumba kizima cha watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto anakata kwa nini.

Madirisha yalipowekwa, yalitoka meupe, yamefunikwa na ukungu ambao haukufutika. Ukitazama huoni ndani, na aliye ndani haoni nje. Baba akacheka kwa upendo, akasema, “Hii iko mawinguni tayari.” Mtoto naye akacheka, ameziba mdomo kwa kiganja.

Alikuwa ameanza hivyo siku hizo, kuziba mdomo akicheka. Baba aliliona, akalipenda. Akamwambia mkewe kwamba binti yao anakua, amejifunza kucheka kwa adabu, si kama zamani alipokuwa anaonyesha meno yote. Alikuwa pia amepunguza maneno. Mezani alitafuna ugali kwa upande mmoja, taratibu, na siku walipochoma mahindi alisema ameshiba, akampa mdogo wake. Baba akasema, umeona? Moyo wa kutoa.

Mama aliona vidole. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa inabanduka kama ganda la kitunguu. Alimuuliza, mtoto akasema ni gundi ya kioski, ile ya kichupa inayobandikia soli za viatu. Mama akampaka mafuta, akamwonya aangalie, akarudi jikoni, kwa sababu sufuria ilikuwa inachemka. Nani kati yenu hajawahi kurudi jikoni?

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Ibada ilitoka, mjomba akaja moja kwa moja na begi lake. Nyamizi akamwamkia, akaitikiwa, kisha akaenda kusimama karibu na ndege yake, ameziba mdomo kwa kiganja. Ndege ilikuwa juu ya meza, imewekwa kwenye kitambaa. Ilikuwa nzima. Mabawa yake yalikaa sawa, magurudumu yalizunguka. Ilikuwa nyeupe tupu, ila chini ya bawa la kushoto palikuwa na mchirizi mmoja wa rangi ya kutu.

Mama akataka kufungua kabati atoe vikombe vya maua. Baba akamzuia, akasema subiri, kuna jambo nataka shemeji alione kwanza. Akatoa ufunguo mwenyewe. Akasogeza birika, akakitoa kisanduku cha vifaa kwa mikono miwili, akamfungulia mgeni.

“Shemeji, angalia. Ulivyoleta ndivyo vilivyo. Havina hata mkwaruzo.”

Mjomba akatazama koleo. Akatazama vichupa vya gundi, vifuniko vyake havijakatwa. Akatazama brashi, nywele zake bado zimegandishwa kwa gundi ya kiwandani. Kisha akageuka, akatazama ndege juu ya meza, iliyokwisha.

“Vizuri,” akasema. “Sasa mtoto alikatia nini?”

Baba akacheka kidogo, akaanza kusema watoto wa siku hizi wana akili. Hakumaliza sentensi, kwa sababu aligundua, pale pale akiwa na kisanduku mkononi, kwamba hajui. Miezi yote ile alikuwa ameisifu ndege na hakujua imekatwa kwa nini.

Mjomba akaichukua ndege, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaigeuza. Fundi hutazama kingo. Kila kipande, pale kilipokuwa kimeshikana na fremu, kilikuwa na vijishimo viwili viwili. Kwenye bawa. Kwenye mkia. Kwenye kila gurudumu. Pale palipotakiwa kupigwa msasa, plastiki ilikuwa na mikwaruzo mirefu, kama kitu kilichosuguliwa kwenye ngazi ya saruji, na baadhi ya mikwaruzo ilivuka mpaka mahali ambapo vidole vilikuwa vimeshika. Akaukwangua ule mchirizi wa kutu chini ya bawa kwa ukucha. Baba siku zote alidhani ni rangi. Rangi ipi, wapendwa? Rangi zote zilikuwa kabatini.

Mjomba akaiweka ndege chini. Akapiga goti mbele ya mpwa wake.

“Fungua mdomo, mama.”

Nyamizi akamtazama baba yake kwanza. Baba akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaondoa kiganja na kufungua.

Jino la mbele la juu, lile pana, lilikuwa limevunjika pembeni. Si jino la utoto. Lilikuwa lile la pili, ambalo Mungu humpa mtu mara moja tu. La jirani yake lilikuwa na ufa. Ufizi ulikuwa umevimba, mwekundu, na ndani ya mdomo wa chini palikuwa na kidonda kinachoanza kupona juu ya kidonda kilichopona. Jino lile lilikuwa limepata pengo mfano wa ukingo wa kikombe kilichogongwa. Na mle kabatini, wapendwa, mlango ukiwa wazi nyuma ya baba, hapakuwa na kikombe cha wageni hata kimoja chenye pengo.

Mama akashika mlango. Baba alibaki amesimama na kisanduku mikononi kama mtu aliyekabidhiwa jeneza la mtoto na hajui aliweke wapi.

Mjomba akauliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuomba vifaa vyake.

Mtoto hakuwa na kinyongo. Hilo ndilo linalonitisha kuliko damu. Alijibu kama anavyojibu mtoto ukimuuliza kwa nini hanywei chai kwenye kikombe cha waridi.

“Vile ni vya wageni.”

Kisha akasogea karibu na sikio la mjomba. Alikuwa na jambo lake lililokuwa limemkosesha usingizi, na halikuwa jino. Akanong'ona, lakini sebule ilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

“Mjomba, ulisema mikono yangu tu. Meno yanahesabika?”

Naona mmenyamaza. Nyamazeni kidogo, ni haki yake.

Mjomba alimjibu kwamba yanahesabika, na kwamba kiwanjani watakwenda, na atakaa kiti cha rubani mpaka achoke mwenyewe. Baba akawasogelea. Akatoa koleo kwenye kisanduku, akamnyooshea binti yake. Mnafikiri mtoto alilipokea? Aliangalia vidole vyake vilivyobanduka, akasema, “Ngoja kwanza ninawe.” Akaenda kunawa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuhusu vitu vya kabatini. Na aliporudi hakujua tena linashikwaje. Mafunzo ya barazani yalikuwa yamemtoka. Akalishika kwa ngumi.

Baba aliangua kilio mbele ya shemeji yake. Ni vizuri alilia. Lakini kile kichupa cha gundi inayoyeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja, kinaunga plastiki. Jino hakiungi.

Sasa tuwaache, tuje kwetu sisi.

Tunawaambia watoto wetu wawe watu wema. Tunawaonyesha picha ya juu ya kisanduku: uwe mpole, uwe mkweli, usipigane, msamehe mdogo wako, mche Mungu. Picha tunayo, na ni nzuri. Kila asubuhi tunawaambia, jitahidi. Lakini mtoto anasamehe kwa kutumia nini? Anatuliza hasira yake kwa kutumia nini? Vifaa vya kazi hiyo vipo, tena nyumbani kwetu vimo. Lile neno “samahani” ni kifaa. Sauti ya chini ni kifaa. Kusikiliza mpaka mtu amalize ni kifaa. Kusali kwa maneno yako mwenyewe juu ya jambo linalokuuma ni kifaa, nacho ni kikali kuliko kisu cha mjomba.

Katika nyumba zetu, vifaa hivyo tunavitumia kwa nani?

Mgeni akipiga hodi, sauti yetu inabadilika tukiwa bado tunatembea kwenda mlangoni. Mmelijua hilo, msitazamane. Dakika moja nyuma tulikuwa tunamkaripia mtoto mpaka kuku wanakimbia, na mlango ukifunguka tunatoa sauti yenye maua ya waridi. Mgeni akimwaga chai tunasema pole, ni bahati mbaya, kitambaa kitafuliwa. Mtoto akimwaga? Mgeni akichelewa tunamwambia karibu. Tukimkosea mgeni tunamwomba radhi mpaka yeye ndiye anaona aibu. Ni lini mtoto wako alisikia ukimwomba radhi yeye? Sala zetu ndefu tunazitoa jumuiya ikikutana, na mtoto anasikia kupitia ukutani kwamba baba anajua kuongea na Mungu. Hajawahi kukaa naye mkekani akaonyeshwa kifaa hicho kinashikwaje. Na Kitabu Kitakatifu, kile kikubwa chenye kingo za dhahabu, naogopa hata kuuliza kiko wapi. Kiko mahali safi. Hakina mkwaruzo.

Tutasema tunavitunza. Tutasema mtoto bado mdogo, atajikata, akue kwanza. Lakini mtoto hasubiri. Ndege anaijenga sasa hivi, kwenye ngazi za nyuma ambako hatuendi. Hasira inamjia sasa, aibu inamjia sasa, mwenzake wa shule anamtukana sasa. Kama hana kifaa, atauma. Na tutakuja kusema, huyu mtoto amejifunza wapi kuuma? Au, vibaya zaidi, hatauma mtu mwingine yeyote. Ataziba mdomo akicheka, ataacha mahindi, atanyamaza mezani, na sisi tutasema amekua, ana adabu.

Hofu yangu kubwa si wale watoto ambao ndege zao zimevunjika. Wale tunawaona, tunawaombea. Hofu yangu ni wale ambao ndege zao zimekamilika. Wale wanaoimba vizuri kwaya ya watoto, wanaoleta matokeo mazuri, wanaosalimia kila mtu. Tunawapigia makofi. Je, tumewahi kuuliza wamekatia nini?

Ndugu baba uliyekaa huko nyuma, na wewe mama, na mimi ninayesimama hapa: ufunguo wa kabati uko mfukoni mwetu. Kufungua hakuhitaji ruhusa ya mchungaji. Leo jioni mtoto akimwaga chai, mpe ile pole ya mgeni. Ukimkosea, mwombe radhi kwa sauti ileile. Ukisali, mwite akae karibu aone unavyoshika. Koleo likikwaruzika, liache likwaruzike. Lilitengenezwa likate.

Mkisahau ndege, sawa. Mkisahau koleo na gundi, si neno. Nawaomba mkumbuke kitu kimoja tu mkifika nyumbani: mtoto akikuletea alichokijenga, kabla hujakisifu, piga goti kwanza, umwambie kwa upole afungue mdomo.